Punda Auzwe kwa Mashahidi Kama Ng'ombe

Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Msemo huo umetumika tangu hapo kuwasuta watu wasio na shukrani, nao ni msemo mzuri. Lakini kwa jinsi mambo yalivyokwenda katika nchi hii yetu tangu mwaka 2016, naona kwamba punda angekuwa na ulimi angetugeuzia maneno. Aliyebeba mzigo ni yeye, na waliorusha mateke ni sisi. Leo nataka tutazame jambo moja tu katika mengi yanayomhusu mnyama huyu, nalo ni namna anavyouzwa na kununuliwa katika masoko ya vijijini ya Kericho na Bomet.

Huenda msomaji wa mjini akashangaa. Akitajiwa Kericho na Bomet huona mbele yake mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa kama zulia, na akitajiwa mifugo ya huko hufikiria ng'ombe wa maziwa. Farasi ni nadra kuwaona. Wakoloni waliwaleta farasi katika nyanda za juu, lakini mnyama huyo ni ghali kumtunza, na katika Afrika yetu ana adui mkubwa, yaani maradhi yanayoenezwa na visubi ambayo huweza kumwangusha kwa siku chache tu. Hata mizigo mizito ya siku zile ilivutwa na maksai hadi kituo cha reli cha Lumbwa, ambacho leo twakiita Kipkelion. Aliyebaki na mwananchi wa kawaida baada ya walowezi kwenda zao ni punda, ambaye Wakipsigis humwita sigiriet. Yeye huyastahimili maradhi hayo, hula majani ambayo ng'ombe wa gredi huyakataa, na hafungiwi katika banda la gharama.

Na kazi zake ni nyingi. Alfajiri hubeba madumu ya maziwa hadi mahali pa kukusanyia. Mchana hupelekwa kusaga mahindi. Katika sehemu za milimani, ambako shamba huwa bondeni na kituo cha kupimia majani chai kiko juu kando ya barabara, yeye ndiye apandaye na magunia siku ambazo utelezi umeishinda pikipiki. Katika sehemu za chini zilizo kavu, kama vile Chepalungu na Sigor, kazi yake kubwa ni maji. Mjini Bomet kwenyewe, watu wengi wamekunywa chai iliyopikwa kwa maji ya mto Nyangores yaliyofika mlangoni kwa mgongo wa punda.

(Hapa nisamehewe kuchepuka kidogo. Karibu na mji wa Kericho pana mahali paitwapo Brooke, jina lililotokana na kampuni ya chai ya Brooke Bond. Na lipo shirika la kuwatetea punda na farasi lenye jina lilo hilo, ambalo mizizi yake ni hospitali iliyofunguliwa Cairo mwaka 1934 na mama wa Kiingereza, Dorothy Brooke, aliyewahurumia farasi wazee waliotumika katika vita vya kwanza vya dunia. Majina hayo mawili hayana undugu wowote. Mmoja alituletea majani, mwingine anamtetea ayabebaye.)

Sasa twende sokoni. Nimesimama mara nyingi katika masoko ya mifugo ya sehemu hizo, na kila mara hunivutia kuona jinsi mnunuzi hodari anavyomchunguza punda. Kwanza humfunua midomo amsome meno, maana punda hukamilisha meno yake ya mbele anapofikia kama miaka mitano, na baada ya hapo umri hujulikana kwa jinsi meno yalivyolika. Kisha hupitisha kiganja uti wa mgongo, akitafuta vidonda vilivyofichwa na vumbi au kovu la matandiko mabaya. Huinua kwato moja moja. Humtembeza kwenye mteremko aone kama anachechemea. Akiwa ni jike, hutazama tumbo, kwa sababu punda hubeba mimba takriban mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja tu, kwa hiyo mimba iliyokwisha kukomaa ni mali ya ziada. Mabishano ya bei hufuata, dalali akienda kwa huyu na kurudi kwa yule, na hatimaye noti huhesabiwa na kamba hubadili mikono.

Katika shughuli yote hiyo nzuri, swali moja haliulizwi: punda huyu ametoka kwa nani?

Linganisha na ng'ombe. Ng'ombe wa Mkipsigis ana nasaba. Kuna desturi ya tangu jadi iitwayo kimanagan, ambapo mtu humpa rafikiye ng'ombe wa kumtunza, anywe maziwa ilhali mnyama na uzao wake ukabaki mali ya mwenyewe. Desturi kama hiyo haiwezi kudumu hata msimu mmoja pasipo kumbukumbu na mashahidi, na wazee waliweza kusimulia historia ya ng'ombe mmoja kupitia boma tatu au nne. Alama za masikioni nazo zilisema mengi. Hata leo, kijana akionekana anaswaga ng'ombe wawili usiku barabarani, atasimamishwa na kuulizwa. Akionekana na punda wawili, watu watadhani anakwenda mtoni. Punda hakuingia katika mahari, hakuingia katika kimanagan, na kwa sababu hiyo hakuingia katika kumbukumbu. Amekuwa chombo cha kazi kama toroli, na toroli haina nasaba.

Uzembe huo haukuwa na madhara makubwa wakati punda alikuwa wa bei ya chini, kwa kuwa nani angejisumbua kumwiba mnyama mkaidi wa shilingi elfu chache? Mambo yaligeuka mwaka 2016. Machinjio ya punda ya kuuza nje yalianza kazi, mojawapo Mogotio katika kaunti ya Baringo na jingine Naivasha, na baadaye yakafikia manne nchini kote. Kilichotakiwa hasa si nyama bali ngozi. Huko Uchina ngozi ya punda huchemshwa ikatolewa gundi iitwayo ejiao, ambayo watu huinunua kwa bei kubwa wakiamini kwamba huongeza damu na kurudisha ujana. Wachina walikuwa na punda wapatao milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Idadi hiyo ikashuka hadi chini ya milioni 3. Walipomaliza wao, wakageukia Afrika.

Hesabu ya mambo yaliyofuata ilifanywa na taasisi yetu wenyewe ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, katika ripoti ya mwaka 2019. Ilibainika kwamba tangu 2016 hadi mwisho wa 2018 machinjio hayo yalichinja punda wapatao 300,000, na kwamba kwa mwendo huo punda wa Kenya wangekwisha kufikia mwaka 2023. Sensa ya 2009 ilikuwa imehesabu punda zaidi ya milioni 1.8, ile ya 2019 ikakuta takriban milioni 1.2. Mnyama azaaye mtoto mmoja baada ya mwaka wa mimba hawezi kushindana na kisu cha namna hiyo.

Kutoka Bomet hadi Naivasha si mbali kwa lori. Ni kupita Mulot, Narok na Mai Mahiu, safari ya usiku mmoja. Wezi waliielewa jiografia hiyo kabla ya sisi kuielewa. Katika miaka ile watu waliamka asubuhi wakakuta kamba imekatwa. Wengine walikuta hata zaidi ya kamba: mnyama wao kachunwa kichakani, ngozi imekwenda na mwili umeachiwa fisi. Bibi mmoja wa upande wa Sigor, aliyenikaribisha mursik nyumbani kwake, alinieleza jinsi alivyoibiwa punda wawili katika usiku mmoja. Nikamuuliza, "Kogo, uliripoti?" Akacheka, akasema: "Niliripoti, mwanangu. Wakaniuliza, una ushahidi gani kwamba alikuwa wako? Nikawaonyesha mgongo wangu."

Sikuwa na la kujibu. Lakini nimelifikiria sana jibu lake, kwa sababu ndani yake mna kiini cha jambo lote hili.

Watu hudhani kwamba sheria yetu imemsahau punda. La hasha! Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 278 kihusucho wizi wa mifugo, imemtaja punda kwa jina pamoja na farasi, ngamia, ng'ombe, mbuzi na hata mbuni, na mwenye kumwiba anaweza kufungwa hadi miaka 14. Ipo sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, inayokataza kumpakia mnyama mzigo kupita kiasi. Ipo sheria ya kupiga chapa mifugo. Upo utaratibu wa vibali vya kuhamisha mifugo kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kinachokosekana si kifungu cha sheria bali karatasi ndogo mkononi mwa yule bibi, na jirani wawili waliomwona akimnunua.

Serikali ilijaribu njia ya mkato. Mnamo Februari 2020, baada ya malalamiko na maandamano ya wenye punda, wizara ya kilimo na mifugo ilitangaza kufunga biashara ya kuchinja punda. Wengi tulishangilia. Wenye machinjio hawakukaa kimya: mmoja wao alikwenda Mahakama Kuu huko Naivasha, na mnamo Mei 2021 akapata uamuzi wa kuitengua marufuku hiyo. Kisha Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, walipokutana Addis Ababa, waliafikiana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Ni azimio la heshima na ninaliunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo, azimio la Addis Ababa halifiki katika uwanja wa mnada siku ya soko. Tumeshuhudia marufuku ikija na ikitenguliwa, na katika kipindi chote hicho namna ya kuuza punda Bomet haikubadilika hata kidogo. Kabla ya marufuku mwizi aliuza bila kuulizwa, na baada yake aliuza vivyo hivyo.

Ndiyo maana nasema kwamba mjadala wetu umekuwa juu mno. Tumebishana juu ya Uchina, juu ya wawekezaji, juu ya mahakama. Hatujabishana juu ya kamba kubadili mikono.

Najua yapo yatakayosemwa dhidi yangu. Wafanyabiashara wa punda, ambao si wote ni wezi, husema kwamba kumwekea punda masharti ni kumkandamiza maskini. Mtu ana karo ya kulipa mwezi Januari, pesa za majani ya kila mwezi zimekwisha dukani, na bonasi ya chai imebakiza miezi mingi hadi Oktoba. Mali iliyo karibu ni punda. Kwa nini asimuuze leo, kwa bei ya leo, kwa yeyote amtakaye? Hoja hiyo ina uzito na siidharau. Mali ni ya mwenyewe, na mimi sisemi asiuze. Ila wanaosema hivyo na wapige hesabu kidogo pamoja nami.

Punda mmoja akipakiwa mitungi minne ya lita 20 hubeba lita 80 kwa safari moja. Mama akibeba mtungi mmoja mgongoni, kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso, atahitaji safari nne. Ikiwa mto uko mwendo wa nusu saa, kazi ya saa moja imekuwa ya saa nne, kila siku, kiangazi chote. Au tuseme anaamua kuyanunua maji hayo kwa shilingi 10 tu kwa mtungi. Ni shilingi 40 kwa siku, 1,200 kwa mwezi, 14,400 kwa mwaka. Dalali anapotaja bei, huitaja bei ya ngozi na nyama, yaani bei ya punda aliyekufa. Bei ya punda aliye hai ni hiyo mitungi, na haipo katika midomo ya dalali kwa sababu haimhusu.

Wala si hayo tu. Anayeuza na anayebeba aghalabu si mtu mmoja. Nimeona mara nyingi kwamba mpeleka punda sokoni ni mwanamume, ilhali aliyekuwa akitembea nyuma ya punda huyo kila asubuhi ni mkewe au mabinti zake. Uamuzi hufanywa barazani, na gharama yake hulipwa mtoni. Msichana aliyekuwa akifika shuleni kengele ikilia sasa hufika kipindi cha pili, na mwalimu humwandika mchelewaji. Baba hakukusudia ubaya, pengine pesa alizopata zilikwenda karo kweli, tena karo ya msichana yule yule. Lakini kama mke angetakiwa kuwapo sokoni na kutia kidole chake kwenye karatasi, nadhani punda wengi wangerudi nyumbani jioni.

Basi ninachoomba ni kidogo, na hakihitaji Bunge. Masoko na ushuru wake yako mikononi mwa serikali za kaunti tangu mwaka 2013. Kaunti za Kericho na Bomet tayari zina makarani wanaokusanya ushuru kwenye uwanja wa mifugo. Karani huyo huyo aandike katika daftari jina la muuzaji, la mnunuzi, kijiji cha kila mmoja, jinsia na rangi ya punda, na alama yake. Muuzaji aje na barua ya mzee wa mtaa au naibu wa chifu, iliyoandikwa mbele ya mkewe au mtu mwingine wa nyumba yake, na mashahidi wawili. Mnunuzi apewe stakabadhi. Asiye na barua arudi na mnyama wake. Punda wanaotoka nje ya kaunti wawe na kibali cha afisa wa mifugo, na wasisafirishwe kati ya machweo na mapambazuko. Askari wa kizuizi cha barabarani hahitaji elimu ya juu kutambua lori lililojaa punda saa nane za usiku.

Kuhusu alama, sipendekezi chuma cha moto kwa kila mnyama. Mkato mdogo wa sikio au nambari iliyonyolewa na kusajiliwa kwa chifu ingetosha kuanzia, na waganga wa mifugo wataweza kusema kipi kinafaa zaidi. Wapo watakaosema karatasi hizi zitazaa hongo. Huenda. Hongo iko hata kwenye ng'ombe, na hatujasema kwa sababu hiyo ng'ombe auzwe gizani.

Vyama vya wakulima vingeweza kusaidia pia. Ikiwa mkulima wa chai anaweza kukopeshwa mbolea na kukatwa kidogo kidogo katika malipo ya majani, sioni kwa nini asikopeshwe karo ya muhula mmoja kwa njia hiyo hiyo, ili punda asiwe ndiye benki yake ya dharura. Hilo nawaachia wakurugenzi wa viwanda, ambao wakulima wenyewe huwachagua kwa kura.

Pana tatizo moja ambalo Kericho na Bomet haziwezi kulimaliza peke yao. Soko la Mulot limekaa mpakani, kando ya mto Amalo: ng'ambo moja ni Bomet, ng'ambo ya pili ni Narok. Daftari likifunguliwa upande mmoja, mwizi atavuka daraja na kuuza upande wa pili, mwendo wa dakika tano. Magavana wa kaunti hizo mbili hukutana kila palipotokea mapigano mpakani, jambo ambalo ni jema. Wakikutana tena, na waitishe daftari la punda liwe moja kwa ng'ambo zote mbili, na kizuizi cha usiku kiwekwe pale darajani, kabla msimu wa karo haujafika.